Mwaka wa Kabureta

Siku ya dua ya arobaini ya mume wangu, watu wakiwa wamekwisha kula na masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, Adriko alibaki peke yake uani. Ni fundi wa magari, au alikuwa, maana sasa macho yake yana ukungu na vidole vimekakamaa. Yeye na marehemu Khamis walijuana tangu ujana. Nilimpelekea chai ya tangawizi na kipande cha gurusa, ule mkate wetu laini wa kwenye kikaango, akaumega, kisha akauacha kwenye sahani. "Shemeji," akaniambia, "siku hizi Arua na Koboko iko kama nyumba moja. Nimepanda gari Awindiri, kule Arua, nimefunga macho kidogo, naambiwa shuka, tumefika." Nikamjibu kwamba ndiyo, lami imefanya mambo. Mwishowe akasema, huku akitazama chini, "Ile mwaka, barabara hii ilikuwa ndefu sana." Hakuna mtu mwingine aliyebaki hai wa kuniambia maneno hayo. Nilikaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, na tukazungumza mpaka jua likahamia upande wa pili wa ukuta. Haya ninayoandika yalitoka humo.

Sitaeleza Khamis alikuwa mtoto wa nani, wala mimi nilitoka ukoo gani. Koboko kila mtu ana babu aliyekuwa askari, na kila babu ana hadithi yake. Nasimulia mwaka mmoja tu, mwaka ambao mimi na yeye tulikuwa vijana wenye mtoto mmoja, kisha hatukuwa na mtoto. Tuliishi katika nyumba ya vyumba vitatu: chetu, cha mama mkwe wangu, na kile cha kati kilichokuwa na kabati la vikombe na cherehani yangu. Kuta hazikufika kwenye paa. Mtu akikohoa chumba hiki, wa chumba kile humwambia pole. Nje, kando ya jiko, palikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda lilikaa gari. Lilikuwa gari la Marekani, la milango miwili, la kijani, pua ndefu, injini ya silinda nane. Mjomba wake Khamis, aliyekuwa ofisa, ndiye aliyelileta zamani akalifunika turubai, na yeye mwenyewe hakurudi kulifunua. Khamis alilifufua kwa mikono yake. Alikuwa akikodiwa kubeba maharusi, na akiliwasha vikombe vililia kabatini, naye Mastura, binti yetu, alipiga makofi.

Mastura alipata homa siku moja jioni, mwanzoni mwa mvua. Kulipokucha alikuwa anatetemeka na macho yamegeuka. Muuguzi wa kituo cha afya alimtazama viganja, vyeupe kama karatasi, akasema, "Huyu anataka damu. Hapa hakuna. Mpeleke Arua sasa hivi, msikae." Mvua ilikuwa inanyesha. Basi la asubuhi lilikwisha kuondoka. Khamis alikimbia mbele, mimi nikaingia kiti cha nyuma na mtoto mapajani, mama mkwe akashika mlango wa banda usipigwe na upepo. Injini ilizunguka, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Harufu ya petroli ikajaa. Khamis akakanyaga mafuta, akakanyaga tena, akawasha, akakanyaga. "Waka," alikuwa anasema. "Waka, waka, waka." Sauti ya stata ikaanza kushuka, ikawa ya mtu mwenye usingizi, kisha ikawa mlio mmoja mkavu tu. Betri imekufa. Majirani wakaja kusukuma kwenye matope mpaka barabarani, na gari halikutoa hata moshi.

Jirani mmoja alikuwa na pikipiki. Palikuwa na nafasi ya mimi na mtoto nyuma yake, basi. Tulimwacha Khamis amesimama kwenye tope, boneti iko wazi, mvua inamwagikia injini. Mimi nilimfunga Mastura kifuani kwa kanga mbili na juu yake nikavaa koti la mvua la mwenye pikipiki. Njia ilikuwa mashimo yaliyojaa maji mekundu. Tulipokuwa tumepita Maracha kidogo, nilijua. Sikumtazama, lakini nilijua, kwa sababu ule moto wake uliokuwa ukiniunguza kifua tangu jana ulikuwa unaondoka. Tuliendelea kwa muda. Kisha nikamgusa dereva begani. "Turudi," nikamwambia. Akapaza sauti, "Hospitali iko mbele!" Nikamwambia tena, "Turudi." Tulipofika Koboko Khamis alikuwa bado ameinama kwenye injini, plagi zimepangwa juu ya kitambaa. Aliinua kichwa akatuona tunatoka upande ambao hatukutakiwa kutoka, na usoni mwake niliona anadhani tumesahau kitu.

Baada ya maziko nyumba yetu ilikosa maneno. Majirani hawakujua waniiteje. Kuniita Mama Mastura ilikuwa kunichoma, na kuniita Zaitun ilikuwa kana kwamba mtoto hakuwahi kuwapo, basi wengine walianza kunisalimia bila jina. Khamis hakuniita chochote. Alikula akiwa amesimama, akaacha kwenda msikitini, akahamia bandani, akawa anaingia chumbani usiku tu. Alivua ile kabureta ya zamani, akaitupa kwenye kona ndani ya gunia, akavuka mpaka kwenda Kongo akarudi na nyingine kubwa, ya midomo minne mipana ya kuvutia hewa, iliyotoka kwenye injini ya gari zito. Kwa wasiojua, kabureta ndiyo chombo cha chuma kinachokaa juu ya injini na kuchanganya petroli na hewa, ili injini ivute mchanganyiko huo na kuuchoma. Khamis alikuwa na wazo moja tu kichwani: gari lilikosa nguvu, kwa hiyo litapewa nguvu. Nilimsikia akimwambia mama yake, "Hii ni kubwa. Hii haiwezi kushindwa."

Ilishindwa kila siku. Mchana mimi nilikaa kwenye cherehani nikishona sare za shule za watoto wa watu, na kutoka bandani nikasikia injini inaunguruma kwa hasira, inarusha moshi mweusi mpaka jikoni, kisha, akiachia mafuta, inapiga chafya na kuzima. Anawasha tena. Inazima tena. Moshi uliingia kwenye vitambaa, nikawa nafua sare ambazo hazijavaliwa. Wanaume waliopita barabarani walisimama kwanza kwa huruma, baadaye kwa kuchekeshwa. Nilimsikia mmoja akisema nje ya uzio, "Mtoto amekwisha kufa, yeye anatengeneza gari ya kumpeleka hospitali." Mwenzake hakucheka, lakini hakumkataza. Nami nilichukia gari hilo kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu. Nilitamani lishike moto banda zima. Nyakati nyingine nilitamani na mwenyewe awemo ndani, halafu nikaomba toba, na kesho yake nikatamani tena.

Mama mkwe wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane aliyezaa watoto saba na kuzika wanne, na kwake dawa ya mtoto ilikuwa mtoto. Alasiri moja nilikuwa nimelala chumbani na kichefuchefu ambacho sikumwambia mtu. Miezi yangu ilikuwa imepita bila kuonekana, na nilikuwa ninahesabu kwa woga, bila furaha. Khamis aliingia chumba cha mama yake kuchukua kitu. Nikasikia sahani inawekwa chini, kisha sauti ya mama yake, ya chini, "Kaa. Kula kwanza. Hii ni enyasa na bamia, chakula yako." Enyasa ni ugali wetu wa mtama na muhogo. Akaendelea, "Khamis, mimi sina maneno na Zaitun. Yeye ni binti yangu. Lakini nyumba iko baridi. Oa mwingine, akae naye hapa, upate mtoto mwingine. Mungu iko."

Nilingoja. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kusikia neno ndiyo.

"Mama," Khamis akasema, "nikipata mtoto mwingine, nitampeleka hospitali na nini?"

Nikasikia kitu nilichodhani ni kikohozi, mpaka nikatambua ni mume wangu analia na chakula kimo mdomoni. Nilikaa kitandani mkono ukiwa tumboni. Kumbe tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, yeye bandani na mimi kitandani, na katikati yetu ukuta usiofika kwenye paa. Nilifikiri niende nimwambie hapo hapo. Nikaona nikimwambia nitakuwa nimemuua. Asubuhi yake nilikwenda bandani nikiwa na kikombe cha chai, nikakiweka juu ya bampa la gari, nikauliza, "Hii kitu, kazi yake ni nini?" Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akanionyesha kwa bisibisi: hapa petroli inaingia, hapa hewa, hapa yanakutana. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia maneno yaliyofuatana tangu mvua ianze. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia, "Mwite Adriko."

Adriko alikuja kwa basi kutoka Arua. Wakati huo alikuwa kijana mwenye mabega mapana, Mlugbara wa Logiri, mwenye kucheka sana, lakini siku ile hakucheka. Alizunguka gari, akamsikiliza Khamis akiliwasha, akapunga mkono azime. "Kaka, hii kabureta iko kubwa kuliko gari. Injini inavuta pumzi yake tu, haiwezi kuvuta pumzi ya mwingine. Mdomo ukiwa mpana sana, hewa inapita polepole, haibebi petroli sawasawa. Petroli inaanguka kama maji. Halafu sisi tuko juu, hewa ya huku nyepesi." Khamis akasema kwa ukali, "Ya kwanza ilikuwa size yake na iliniua." Adriko akauliza, "Iko wapi?"

Waliitoa kwenye gunia. Adriko aliifungua juu ya meza yangu ya jikoni, akatoa ndani yake boya, kijipira cha shaba cha ukubwa wa limau, ambalo kazi yake ni kuelea juu ya petroli. Petroli ikitosha, boya linapanda na kuziba njia. Alilitikisa sikioni. Uso wake ukabadilika. "Shemeji, nipe maji ya moto." Nilikuwa na sufuria ya maji ya ugali inayochemka. Alilizamisha boya kwa koleo, na sisi tukainama wote, mimi, Khamis, na mama aliyekuwa anachambua mchele pembeni. Kwenye mshono wa boya vikatokea vipovu, vidogo, kimoja kimoja, vikipanda juu kwa mstari kama uzi. "Tundu," Adriko akasema. "Sindano inatosha kufanya tundu hii. Boya imekunywa petroli, imezama, njia imebaki wazi. Injini ilikuwa imejaa kabla hujagusa ufunguo. Ungekanyaga, usingekanyaga, ilikuwa ile ile, kaka. Si mguu yako."

Nadhani alisema hivyo ili ampunguzie mzigo. Khamis alitazama vile vipovu mpaka vikaisha. "Ni hii tu?" akauliza. "Ni hii tu?" Alitoka nje, akaenda kukaa nyuma ya banda. Mama aliacha ungo, akaja kutazama ndani ya sufuria, akasema, "Ya Rabi, kitu kidogo hivi," akanishika mkono. Maji yale niliyamwaga. Siku ile hatukula ugali.

Khamis hakutaka ile ya zamani izibwe na kurudishwa garini, basi wiki iliyofuata mimi, yeye na Adriko tulikwenda kwa basi kwa mfanyabiashara mmoja Mkongo, Arua, ambaye kila mtu alimwita Papa. Kibanda chake kilijaa vyuma mpaka dari. Mimi nilipita barabara ile kwa mara ya kwanza tangu siku ya pikipiki, nimekaa upande wa dirisha, na tulipopita Maracha nilifumba macho. Khamis alijua. Aliweka mkono wake juu ya goti langu mpaka tulipopita. Papa alitoa kabureta mbili akaziweka chini juu ya gunia. Moja ilikuwa ndogo, ya midomo miwili, ya pikapu ya Kijapani. Ingekaa juu ya injini yetu kwa kuwekewa bamba la kuunganishia. Nyingine ilikuwa ya midomo minne, lakini midomo ya wastani: miwili ya mbele ya mwendo wa kawaida, na miwili ya nyuma ambayo hufunguka yenyewe pale tu mvuto wa injini unapoitaka. "Hii ndogo," Papa akasema, "mutu maskini anaichukua, hainywi mafuta. Hii ya mine, mutu anaichukua kama iko na mbio."

Wakaanza kubishana. Adriko alitaka ndogo: itatulia, haitakuwa na tabu. Khamis akasema mlima wa kabla ya Maracha, gari likiwa limejaa, ile ndogo itaibana injini koo, mchanganyiko utakuwa mwepesi, injini itachemka hata kufa. Adriko akakubali kwamba hilo ni kweli. Lakini ile ya midomo minne ina viungo vingi, na kila kiungo ni mahali pa kuharibika. Walisema hivyo kwa muda mrefu, na sauti ya Khamis ilizidi kupanda, na watu wakaanza kukusanyika, maana alikuwa anazungumza juu ya mlima ule kama mtu anayezungumza juu ya adui yake. Nikamkatiza. "Ipi inawaka asubuhi ya mvua?"

Adriko akajikuna shingo. "Shemeji, yote inawaka. Kama boya iko nzima."

Nilivuka njia nikaenda kwa mama muuza chai, nikamwomba maji ya moto kwenye beseni. Nililibeba mwenyewe mpaka kibandani. Papa alitaka kukasirika, akanitazama, akaacha. Adriko akafungua zote mbili. Boya la ile ndogo likatoa vipovu upande mmoja, vingi, bila aibu. Maboya ya ile ya midomo minne, maana yalikuwa mawili, tuliyashikilia chini ya maji, tukayageuza, tukangoja, tukayageuza tena. Maji yakabaki kimya. "Hii," nikasema.

Kuifunga ilichukua siku nyingi kuliko tulivyodhani. Adriko alikaa kwetu, akalala chumba cha kati kando ya cherehani. Kabureta haikulingana kabisa na kitako chake juu ya injini, na gasketi, yaani karatasi nene ya kuzuia hewa isipenye katikati ya vyuma viwili, haikupatikana ya kipimo chetu. Hiyo niliikata mimi. Nilipaka masizi kwenye kitako cha kabureta, nikakigandamiza kwenye karatasi kama muhuri, nikafuata alama kwa mkasi wangu wa kushonea, matundu manne na nafasi za boliti. Adriko alijaza matambara kwenye midomo ya injini ili msumari au nati isitumbukie ndani, akasugua kitako mpaka kikang'aa. Khamis alikaza nati za pembeni kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, bila kukaza moja mpaka mwisho, maana ukikaza upande mmoja chuma kinapinda. Kisha bomba la petroli, kisha waya wa kanyagio la mafuta, kisha springi ya kulirudisha. Nilishika taa nilipoambiwa nishike taa. Mama alituletea chakula kule kule, amekifunika kawa, na sote tukala kwenye sinia moja juu ya boneti iliyolazwa chini. Siku hizo alianza kunusa hali yangu. Alinitazama nikiacha kitunguu, akasogeza bakuli la ukwaju karibu na mkono wangu, na suala la mke wa pili sikulisikia tena.

Mara ya kwanza kuwasha, injini ilijibu kwa kurusha moto kupitia juu, kwenye midomo ya kabureta, mwali wa buluu ulioruka kama mkono. Khamis alikuwa ameinama pale pale. Nilivuta gunia lililolowa nikalitupa juu, Adriko akakata petroli, na moto ukafa ukiwa umeondoka na nyusi za mume wangu na nywele za mbele. Alikaa chini kwenye vumbi. "Haitaki," akasema. "Mungu hataki. Mimi ni mjinga wa kwanza Koboko. Adriko, nenda nyumbani." Alisema kwa utulivu, na utulivu huo uliniogofya kuliko vilio vyote. Adriko alirekebisha wakati wa plagi kutoa cheche, akawasha mwenyewe, na injini ikazunguka, lakini ikitetemeka, ikipanda na kushuka yenyewe kama mtu anayehema. "Inavuta hewa pahali," akasema. Akachukua chupa ya maji, akawa anadondosha kidogo kidogo kuzunguka kitako. Kona ya nyuma, maji yalipofika, mlio ukabadilika. Ilikuwa gasketi yangu. Mkasi ulikuwa umeteleza hapo upana wa uzi. Nilikata nyingine. Sikumruhusu mtu aongee na mimi nilipokuwa ninaikata.

Siku ya pili yake Adriko alizungusha bisibisi kwenye skrubu mbili za mchanganyiko, ndani, nje, nje kidogo, kichwa amekiinamisha. Mlio ulikusanyika. Ulitulia. Kwenye kabati vikombe vikaanza kulia, na mama mkwe wangu akatoka jikoni mikono ina unga, akasimama, akajifunika uso kwa ncha ya tobe lake, ile nguo ndefu ya kujitanda. Hakuna aliyeshangilia. Sote tulikuwa tunamsikia yule asiyepiga makofi.

Khamis alitaka tuende Arua siku ileile. Sikumuuliza kwenda kufanya nini. Alipanda mlima ule wa kabla ya Maracha bila kubadilisha uso, nikasikia midomo ya nyuma ikifunguka, injini ikivuta pumzi ndefu, na gari likapanda. Tulifika kwenye lango la hospitali. Akasimamisha, hakuzima. "Tumefika," akasema. Mlinzi akaja, akachungulia kiti cha nyuma, kisha cha mbele. "Mgonjwa iko wapi?" Khamis alishika usukani akatazama mbele. "Iko wapi mgonjwa?" Nikamwambia, "Hatuna mgonjwa, baba. Tunarudi."

Wakati wa kurudi alisimama Maracha bila mimi kumwonyesha mahali. Tulishuka tukakaa kwenye majani kando ya barabara, na hapo ndipo nilipomwambia juu ya mimba. Nilitegemea kitu, sijui nini. Alikauka. "Lini?" akauliza. "Mvua ikianza." Aliinuka akaenda kufungua boneti, akatazama ndani.

Watu hudhani kwamba gari lilipopona, sisi tulipona. Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kuliko iliyotangulia, maana sasa tulikuwa na kitu cha kupoteza. Khamis aliliwasha gari kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Akikuta limechelewa kidogo kushika, siku ile haongei. Aliifungua kabureta mara kwa mara kutazama maboya, mpaka skrubu zikaanza kulegea na Adriko akalazimika kuja kumgombeza. Maharusi aliwakataa, asije akawa mbali. Na mimi nilikuwa sishoni nguo ya mtoto. Mama alinunua kitambaa, nikakifungia kwenye kabati. Kila mara mtoto aliponigonga kwa ndani nilimwambia tulia, usijionyeshe bado.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, nikiwa ninaanua nguo. Uchungu haukuja polepole kama ule wa Mastura. Uliniangusha magoti pale kwenye kamba. Mama alipiga kelele, Khamis akakimbilia bandani, na kabla sijaingizwa ndani nikasikia injini inashika, mara moja tu, kwa ufunguo wa kwanza, mvua ikipiga mabati juu yake. Alilitoa nje mpaka mlangoni, akafungua mlango wa abiria, akaingia mbio kunibeba. "Acha!" mama akasema. "Usimguse, kichwa iko hapa!" "Mama, gari iko tayari!" "Gari ingoje! Toka nje!" Hakutoka. Alisimama ukutani, ufunguo wa akiba umo mkononi, maji yanamtiririka, akawa anasema maneno ambayo sikuyasikia vizuri, mpaka mtoto akaangukia mikononi mwa bibi yake, akanyamaza kwa muda ambao sipendi kuukumbuka, akalia.

Mama alimfuta, akamfunga kwenye kanga, akampa Khamis. Nilimwona akimpokea kwa mikono ile yenye grisi kwenye kucha, akaelekea kibla, akainama kwenye sikio la kulia. Mume wangu hakuwa amefungua kinywa kwa sala karibu mwaka mzima. Alianza adhana, sauti ikakatika. Akaanza tena, ikakatika mahali palepale. Mara ya tatu alifika mwisho. Mlangoni gari lilikuwa linaunguruma, mlango wa abiria uko wazi, mvua inalowesha kiti, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwenda kulizima. Liliunguruma hivyo alasiri yote, kwa mlio mmoja, mpaka petroli ikaisha.